Sliki Inatanuka Kweli: Difu ya 4.1 au 4.3?

SWALI

Shikamoo fundi. Nina Mark II yenye injini ya 1JZ turbo na gia boksi ya manyuo, R154. Difu ni 3.9, yaani propela, ile shafti inayotoka gia boksi, huzunguka mara 3.9 tairi ikizunguka mara moja. Nyuma nilikuwa natumia tairi za kawaida, 225/45R17, sasa nimefunga sliki, tairi za mashindano zisizo na michirizi, za kipenyo cha inchi 26. Tangu nizifunge gari limekuwa zito kuondoka. Halafu mwisho wa mbio za robo maili, nikiwa gia ya nne, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ni 5,800 na GPS inasoma kilomita 190 kwa saa. Zamani nilikuwa navuka mstari na RPM 6,300 hivi. Injini ilipopimwa kwenye daino, mashine ya kupima nguvu, nguvu yake ya juu kabisa ilitoka kwenye RPM 6,200. Wenzangu wanasema sliki hutanuka gari likiwa kwenye spidi, na ndiyo sababu. Ni kweli? Na nifunge difu ya 4.1 au ya 4.3?

Msomaji, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Wenzako wamesema kweli, ila hiyo ni nusu ya habari. Malalamiko yako ni mawili na kila moja lina chanzo chake. RPM kushuka mwisho wa njia, hapo tairi inahusika. Gari kuwa zito kuondoka, hapo kutanuka hakuna kosa lolote, maana gari likiwa limesimama tairi haijatanuka hata kidogo.

Tuanze na kutanuka. Tairi ikizunguka, kila kipande cha mpira kinavutwa kwenda nje. Kwenye sliki yako ya inchi 26, gari likiwa kilomita 190 kwa saa, gramu 10 tu za mpira wa juu zinavuta nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 8 na nusu. Sasa fikiria mpira wote unaozunguka pale. Spidi ikiongezeka mara mbili, mvuto huo unaongezeka mara nne, kwa hiyo nusu ya kwanza ya njia tairi hubadilika kidogo, kisha huinuka haraka kuelekea mwisho.

Tairi ya rediali ina mikanda ya chuma chini ya kashata (mpira wa juu wenye michirizi), na mikanda hiyo inaibana isitanuke sana. Sliki nyingi hazina mikanda hiyo. Nyuzi zake zimepita mshazari, ubavu ni laini, na upepo unaojazwa ni mdogo. Angalia ubavuni mwa tairi yako: kama hakuna herufi R katikati ya vipimo, basi hiyo ni ya mshazari, itatanuka.

Marekani, magari ya mbio fupi za kunyooka ya daraja la Top Fuel yanategemea jambo hili waziwazi. Hayana gia za kubadilisha. Yana klachi na difu ya 3.20 iliyowekwa na kanuni za NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo, basi. Tairi zao za nyuma zina kipenyo cha inchi 36 na upepo wa karibu psi 7. Gari linapoondoka tairi inajikunja na kuwa fupi, kama umeingiza gia nzito. Mbele ya safari inasimama, inakuwa ndefu na nyembamba, kama umepanda gia. Magari hayo yanapita kilomita 530 kwa saa katika futi 1,000, yaani mita 305, na sehemu ya kazi hiyo inafanywa na tairi yenyewe.

Turudi kwenye gari lako. Umeniletea namba tatu za maana sana: spidi ya GPS, RPM na gia. Kwa hizo tunaweza kuipima tairi ikiwa mwisho wa njia, mahali ambapo huwezi kuinama na futi kamba. Kilomita 190 kwa saa ni mita 3,167 kwa dakika. Difu yako unayoiita 3.9 ni 3.909, kraun (gia kubwa ya difu) yenye meno 43 kwa pinioni (gia ndogo inayoizungusha) yenye meno 11. Gia ya nne ya R154 ni 1.00, haiongezi wala kupunguza kitu. Zidisha 3,167 kwa 3.909, gawanya kwa 5,800. Unapata mita 2.13. Huo ndio mzingo wa tairi yako, yaani umbali inaokwenda kwa mzunguko mmoja, wakati unavuka mstari.

Sliki ya inchi 26 kwa hesabu ya karatasini ina mzingo wa mita 2.07. Tairi zako za zamani zilikuwa na mita 1.99. Kwa hiyo kati ya RPM 500 ulizopoteza, karibu nusu imeliwa na ukubwa wa tairi kabla hata haijatanuka. Zilizobaki ndizo za kutanuka.

Nakuomba sana upime mwenyewe na tairi ikiwa imetulia. Jaza upepo uleule unaokimbilia, dereva akae ndani. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi na mwingine sakafuni, sukuma gari polepole mpaka tairi imalize mizunguko mitano, pima umbali kwa futi kamba kisha ugawe kwa tano. Usishangae ukipata pungufu ya 2.07. Uzito wa gari unaikandamiza sliki chini, kwa hiyo kutanuka halisi ni kukubwa kuliko karatasi inavyoonyesha.

Kuna jambo moja la kuangalia katika hesabu hii. Klachi ikiteleza, au tairi zikisota, RPM inapanda bila gari kwenda, na jibu la mzingo linatoka dogo kuliko ukweli. Siku hesabu ikikupa mzingo mdogo kuliko ule wa chaki, achana na mambo ya tairi, kakague klachi kwanza.

Sasa difu. Ukipiga hesabu kwa kipimo cha karatasini, mita 2.07, difu ya 4.1 itakuonyesha kama RPM 6,260 kwa spidi ya 190, juu kidogo tu ya kilele cha nguvu yako. Utaona ndiyo yenyewe, utanunua. Ukienda kukimbia utakuta 6,080, kwa sababu tairi inayovuka mstari ni ya mita 2.13. Bado uko chini ya kilele. Difu ya 4.3 kwa tairi hiyohiyo inakupa RPM 6,380. Hapo unavuka mstari ukiwa umekipita kilele kidogo, na gari likiongeza spidi siku ya hewa nzuri bado una nafasi. Kwa hiyo jibu langu ni 4.3. Ungekuwa na rediali isiyotanuka ningekwambia 4.1.

Difu haibadilishi kushuka kwa RPM kati ya gia na gia. Ukibadilisha kutoka ya tatu kwenda ya nne kwenye RPM 7,000 utaangukia 5,340, uwe na 3.9 au 4.3, kwa sababu pengo hilo liko ndani ya gia boksi. Kinachobadilika ni mahali: ya nne utaiingiza ukiwa kilomita 157 hivi kwa saa badala ya 172. Bado hutaihitaji gia ya tano.

Unapokwenda Gerezani au Kariakoo kutafuta difu ya mtumba, usikubali namba ya mdomo. Kama bado iko kwenye gari, inua tairi zote mbili za nyuma kwa jeki, zuia magurudumu ya mbele vizuri gari lisiteleze, weka gia huru. Tia alama ya chaki kwenye propela. Zungusheni tairi zote mbili kwa pamoja mizunguko 10 huku mtu mwingine akihesabu propela. Ikienda 43 ni 4.3, ikienda 41 ni 4.1. Kwa mzunguko mmoja tofauti ni ndogo na macho hudanganyika. Kama difu imeshafunguliwa, hesabu meno: 43 kwa 10 ni 4.3, 41 kwa 10 ni 4.1. Na hakikisha nyumba ya difu ni ya saizi ya gari lako. Mimi napendelea ununue difu nzima kuliko kraun na pinioni peke yake, kwa sababu kuzipanga upya zikae na nafasi sahihi kati ya meno ni kazi ya fundi mwenye vipimo, na zikipangwa vibaya zitalia mpaka ziishe.

Kabla ya yote hayo kagua madigadi kwa ndani. Tairi iliyotoka kipenyo cha sentimita 66 hadi karibu 68 inasogea sentimita moja kila upande, na bodi nayo inakaa chini gari likiondoka. Ukiona mstari mweusi unaong'aa kwenye plastiki au bati, tairi inagusa huko mwisho wa njia, ndani ya spidi kubwa. Hilo rekebisha leo. Na sliki hizo ni za njia iliyofungwa kwa ajili ya mashindano. Hazina kashata ya kutoa maji, mvua ya masika ikikukuta nazo Barabara ya Bagamoyo gari litaelea na breki hazitakusaidia kitu.

Limebaki suala la uzito wa kuondoka. Tairi yako imekuwa ndefu kwa asilimia 4, ni sawa na kutoka difu ya 3.9 kwenda 3.75. Ni kidogo, hakuwezi peke yake kulifanya gari liwe zito hivyo. Tairi za zamani zilikuwa zinasota unapoachia klachi, na kule kusota kuliiacha injini juu, turbo ikiendelea kusukuma. Sliki inauma lami. RPM inavutwa chini ya mahali turbo inapoamka, gari linakaa kimya kidogo kisha linaenda. Dawa yake ni kuondokea RPM ya juu zaidi, ukiongeza RPM 300 kila jaribio huku ukiandika muda wa mita 18 za kwanza. Tafuta kipimo hicho sasa hivi ukiwa bado na 3.9. Ukishafunga 4.3, gia ya kwanza itasukuma kwa asilimia 10 zaidi, kwa hiyo anza tena chini kidogo ya hapo ulipofika, kisha upande taratibu.