Mama wa Sengerema, kamera hiyo haiuzwi dukani

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Sengerema: "Kaka, habari za kazi. Kijana wangu ameona ile picha ya Jiwe la Bismarck uliyopiga kwa kopo, hanipi usingizi. Hiyo kamera naipata duka gani hapo mjini, na ni shilingi ngapi?" Dada yangu, haiuzwi. Nimefurahi mno kuulizwa, na kwa kuwa wapo wengine wanaoniuliza hilohilo, naomba nijibu kwa kirefu.

Picha ile naionea fahari, sifichi. Imetoka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kitundu kilichotobolewa kwa ncha ya sindano. Kamera hiyo haina lenzi wala betri, ndani ni karatasi ya picha tu. Nililiweka kopo juu ya mwamba, nikabandua utepe uliofunika kitundu, nikasubiri kama dakika moja, nikafunika. Ziwa lilikuwa na upepo siku hiyo, mitumbwi inapita, abiria wa Kamanga wanakimbilia kivuko. Kwenye picha hayumo hata mmoja wao. Mawimbi ya dakika nzima yamejilundika, maji yamelala laini kama shuka iliyopigwa pasi, na jiwe limesimama juu yake na nyufa zake zote. Kinachopita hakiachi alama, kinachotulia kinabaki. Ndiyo maana nasema mji wetu wa Mwanza umeumbiwa kamera hii. Igogo, Mabatini, Capri Point, mlima wa Bugando, kila unakogeuka jabali limekaa juu ya jabali, na jabali halichoki kupigwa picha.

Kilichonianzisha ni daftari la mpwa wangu. Alikuwa sekondari, amenakili mchoro wa fizikia: sanduku, kitundu, mistari miwili inakatana, mti umepinduka. Nikamuuliza, mbona mti umepinduka? Akajibu, "Mjomba, ndivyo mwalimu alivyochora." Jibu hilo lilinikaa rohoni. Tukachukua kopo jikoni, tukatoboa kitako kwa msumari mwembamba, tukafunika mdomo kwa karatasi ya daftari tuliyoipaka mafuta ya kula, tukajifunika kanga vichwani, tukalielekeza kopo barabarani. Mama muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara akatokea kwenye karatasi, kichwa chini, mwavuli wake chini, rangi zote zimo. Mpwa wangu alinyamaza kwanza. Halafu akaanza kunieleza mwenyewe: mwanga unakwenda moja kwa moja, kwa hiyo ule wa kichwani ukipenya tunduni unatua chini, na wa miguuni unatua juu. Mimi sikumfundisha neno.

Nikadhani kila mtu atafurahi nilivyofurahi. Nikaomba nafasi katika shule moja hapa jijini, nije Jumamosi na makopo yangu, bila malipo. Mara ya kwanza nilipokewa vizuri. Mara ya pili nikaambiwa, mbele ya wanafunzi waliokwisha kushika makopo mikononi, kwamba mitihani imekaribia na makopo hayaji kwenye mtihani. Nikakusanya vitu vyangu nikaondoka. Bado inaniuma, na sitasema haiumi. Mchoro uleule umo kitabuni, unaulizwa, watoto wanaukariri. Lakini kukishika kitu chenyewe kunaitwa kupoteza muda! Wazazi wenzangu, tusikubali. Mtoto anayejua mwanga kwa mchoro tu ataujua mpaka siku ya mtihani.

Sasa ushauri, na wa kwanza ndio mkubwa: tundu atoboe mtoto mwenyewe. Usimtengenezee ukampa. Usimshike mkono. Kata kipande cha bati laini la kopo la soda, ukubwa wa stempu, mtu mzima ndiye akate kwa sababu linachana vidole. Mtoto aliweke juu ya kadibodi, abonyeze ncha ya sindano huku akiizungusha, asiipitishe yote. Ageuze, asugue uvimbe kwa msasa laini, arudie mpaka tundu liwe duara safi. Kingo zisipokuwa laini, picha inakuwa na ukungu. Lipige picha tundu kwa simu likiwa kando ya rula, likuze, utaona ukubwa wake.

Ukubwa unategemea umbali kutoka tunduni hadi kwenye karatasi. Kwa sentimeta 10, kama milimeta 0.4 inatosha. Wengi wanadhani likiwa dogo zaidi picha itakuwa kali zaidi. Hapana, likizidi udogo mwanga wenyewe unatawanyika ukipenya, na ukungu unarudi. Hicho ni kipimo cha kupigia picha. Kama ni kutazama tu kwenye karatasi ya mafuta, tundu la milimeta 0.4 litakupa giza. Toboa la milimeta 1 au zaidi kidogo.

Na anza kwa kutazama. Nalisema tena: anza kwa kutazama, usikimbilie kupiga. Njia nzuri kuliko zote haihitaji hata kopo. Chukua chumba chenye dirisha linalotazama barabara, ziba dirisha lote kwa maboksi na nailoni nyeusi, acha tundu moja la sentimeta 1 au 2. Dirisha la magharibi litumie asubuhi, la mashariki litumie jioni, ili jua limulike ng'ambo na lisiingie tunduni. Kaeni gizani dakika kama 10 macho yazoee. Ukuta mzima utajaa mtaa wenu umepinduka, bodaboda zinapita karibu na dari. Nimewaona watu wazima wakishika ukuta kwa mikono.

Umeme ukikatika usiku, usilalamike, washa mishumaa. Panga mitatu mbele ya tundu, kila mmoja mahali pake, tazama madoa matatu ya mwanga upande wa pili. Ziba mmoja, doa moja tu linatoweka, na ni lile la upande ulio kinyume. Jaribio hili ni la miaka 1,000. Alilifanya kwa taa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi Cairo na kufariki yapata mwaka 1040. Mwanga wa taa kadhaa ulipita tundu moja bila kuchanganyikana, naye akaliandika. Mtoto wa Igoma anaweza kuliona aliloliona yeye, kwa mishumaa ya dukani.

Wanaokumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na watu wakafurika Rujewa kule Mbeya kuona pete, sisi huku Mwanza tuliona sehemu tu. Mimi nilikuwa chini ya mwembe. Nafasi ndogo kati ya majani zilikuwa matundu, na ardhi yote ilijaa vijua vidogo vilivyomegwa upande. Hiyo ndiyo njia salama: mgongo kwenye jua, macho kwenye karatasi. Kamwe mtoto asilitazame jua kupitia tundu lenyewe.

Kupiga picha kwenye karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, na kuisafisha kwa dawa gizani, ni kazi ya siku nyingine. Kwa kifupi: jua kali ni kama dakika moja, mawingu ni dakika kadhaa. Studio zetu zimehamia dijitali, karatasi hiyo ni adimu. Waulize wapiga picha wa zamani, baadhi yao wana maboksi yaliyokwisha muda wake. Yachukue, maana kuna kazi moja ambayo karatasi iliyopitwa na muda inaifanya bila dawa yoyote.

Iweke ndani ya kopo, tundu litazame mashariki, funga kopo kwenye nguzo ya baraza kwa utepe imara, uliache tangu Juni 21 hadi Desemba 21. Jua litajichora lenyewe, mstari kila siku lisipofunikwa na wingu. Kule Ulaya mistari hiyo inalala kiubavu. Kwetu, nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, inapanda karibu wima, ikihama kidogo kidogo kutoka kaskazini ya mashariki kwenda kusini, jumla nyuzi zipatazo 47. Ukiitoa karatasi, ipige kwa skana mara moja kabla haijaharibiwa na mwanga. Ziba mishono ya kopo vizuri, vuli haina huruma. Na liandike jina lako na kazi yake, umjulishe mwenyekiti wa mtaa, maana kopo lililofungwa nguzoni linatia watu wasiwasi.

Ipo pia siku ya kamera za tundu duniani, Jumapili ya mwisho ya Aprili, tangu 2001. Kwetu inaangukia masika, kwa hiyo uwe na subira na mawingu.

Dada yangu wa Sengerema, anza na karatasi ya mafuta wikendi hii. Kijana akishapata tundu lake, mpeleke kwenye daraja la Kigongo–Busisi, upande wa Busisi, alasiri, jua likiwa nyuma yenu. Waambieni askari kwanza mnachofanya, mlitulize kopo juu ya jiwe kuelekea Kigongo. Magari hayatatokea, nguzo za daraja zitatokea. Nitumie picha.