Lenzi ya kuvuta mbali kwa Nikon D3200: soma herufi kwanza, milimita baadaye

Mkuu, umeuliza kati ya zile lenzi mbili za milimita 70-300 ulizoonyeshwa dukani, AF-P mpya na AF kongwe ya bei chee (AF ni fokasi ya kujiendesha, yaani lenzi kujilengea ukali wa picha yenyewe), ipi inafaa kwa D3200 yako ukapige wanyama Mikumi na mechi za mtaani. Usichukue hata moja.

Mimi pia nilianza na D3200, na hiyo AF 70-300 f/4-5.6G ndiyo iliyoniingiza mjini. Muuzaji aliipachika, ikaingia vizuri, akaelekeza ghorofa la ng'ambo ya barabara, picha ikatoka kali. Kumbe pete ya fokasi ilikuwa imeshakaa kwenye umbali ule ule! Nikalipa, nikatembea kifua mbele. Nimefika Mikumi, tai katua kwenye mti mkavu, nabonyeza shata (kitufe cha kupigia) nusu, kimya. Lenzi haigutuki. Siku nzima nilizungusha kwa mkono huku gari linatikisika. Zilizotoka kali ni za twiga tu, kwa kuwa twiga hana haraka na mtu.

Sababu ni mota. Lenzi za AF za zamani hazina mota ndani, zinazungushwa na bisibisi ndogo iliyo kwenye bodi ya kamera. Tangu D40 ya mwaka 2006, Nikon waliiondoa kwenye bodi zao ndogo, kwa hiyo ukoo wote wa D3000, D3200 yako ikiwemo, na wa D5000 hauna. D90 au D7000 wanayo. Kwako wewe lenzi lazima iwe na mota yake, na alama yake ni AF-S. Ukigeuza lenzi ukaona kwenye pete ya kupachikia kidude chenye mfereji kama kichwa cha skrubu, irudishe kwenye kabati. Mwangaza itapima, na kile kidoti cha kijani kwenye kitundu cha kuchungulia kitakuambia fokasi imekaa, lakini kuzungusha utazungusha mwenyewe.

AF-P nayo ina mota, tena nyepesi na ya haraka, ndiyo maana watu wanaisifu. Ila D3200 haielewani nayo kabisa. Hata kwa mkono haifokasi, maana pete yake inaendeshwa kwa umeme. Mwenye D3400 au D3500 achukue bila wasiwasi. Mwenye D3300 asasishe kwanza programu ya kamera yake.

Kwako ningesema AF-S DX 55-300 VR, hata iliyotumika. Kwenye kihisi chako milimita 300 zinaonekana kama 450, zinamtosha simba wa kando ya barabara, ila kwa ndege wadogo utaona bado mbali. Fokasi yake ni ya kivivu, sitakuficha. AF-S 55-200 VR ni rahisi zaidi, na kwa mechi ukikaa nyuma ya goli inatosha. Kwa porini utajuta.

VR maana yake inatuliza mkono wako. Mshambuliaji anayekimbia haimtulizi, huyo anataka shata ya 1/500 ya sekunde au ya haraka zaidi. Na hizi lenzi ukivuta mpaka mwisho zinabaki f/5.6, yaani tundu la mwanga halifunguki zaidi ya hapo, kwa hiyo mechi ikifika saa kumi na mbili jioni utapandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) mpaka picha zijae chenga. Kamera haijaharibika, mwanga ndio umekwisha. Porini mwambie dereva azime injini, na saa saba mchana usihangaike na mnyama wa mbali: joto linapanda kutoka ardhini na kila kitu kinacheza kama kiko nyuma ya mvuke.

Ukienda dukani beba kamera yako, usikubali ya muuzaji. Fokasi kitu cha mita mbili, halafu cha mbali, halafu rudi karibu, usikie mota inafanya kazi. Mulika tochi ya simu ndani ya kioo kutokea nyuma. Huku Pwani kwenye unyevu lenzi nyingi zina fangasi, utaona nyuzi kama utando wa buibui. Hiyo hata ukipunguziwa nusu ya bei, acha.

Ile AF yangu bado ninayo, naipachika kwenye D90 ya shemeji akija nyumbani, na inafokasi vizuri tu.