Ukubwa wa mbwa hauelezi tabia yake

Mmeuliza wiki hii: je, mbwa wakubwa wa kuwinda ni wakali kiasi cha kutofaa kukaa na watoto? Mimi naona ukubwa hautuambii kitu. Tuulize mababu wa mbwa huyo walitakiwa kufanya nini pale walipomfikia mnyama.

Chukueni rijibaki wa Rhodesia. Kwa kuwa anaitwa mbwa wa simba, wengi hudhani alikuwa akiua simba. Hakuna mbwa wa kuliweza hilo. Asili yake ni mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, wenye mstari wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni, waliochanganyika na mbwa wa walowezi wa Kizungu. Mwindaji Cornelius van Rooyen anatajwa sana katika kuwaendeleza, na mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo, katika Rhodesia ambayo leo ni Zimbabwe, wakaandika sifa zake rasmi. Kazi yake ilikuwa kumzuia simba mahali pamoja: kubweka, kumchokoza, kuruka pembeni kucha zikija, hadi mwenye bunduki afike. Mbwa mwenye papara hakurudi kambini. Waliobaki kuzaa walikuwa na ujasiri na subira kwa pamoja, na ndiyo maana rijibaki wa leo humtazama mgeni kwa mbali kwanza, halafu ndipo aamue. Ni mbishi pia, maana mbele ya simba hakuwa na wa kumwelekeza. Ukimfundisha kwa fimbo utamharibu.

Wulfhaundi wa Ireland ana habari nyingine. Huyu alitakiwa kukimbiza mbwamwitu, kukamata na kuua. Mwaka 1652 utawala wa Cromwell, jemadari wa Uingereza aliyeiteka Ireland, ulipiga marufuku kuwatoa nchini, kwa kuwa mbwamwitu walikuwa bado wanasumbua. Mbwamwitu walipomalizwa, karne ya 18, naye akakaribia kutoweka. Katika miaka ya 1860 Kapteni George Augustus Graham alianza kuwafufua kwa kuchanganya waliosalia na dirhaundi wa Scotland, mbwa wa kuwinda kulungu, na mbwa wengine wakubwa. Dume hatakiwi kupungua sentimita 79 begani, lakini ni mpole hivi kwamba hata ulinzi haumfai. Kinachonihuzunisha ni umri wake: wengi huishi miaka sita hadi minane tu.

Upole huo usikusahaulishe macho yake, maana wulfhaundi huwinda kwa kuona. Nimewahi kumshika mmoja kamba, paka akakatiza mbele yetu. Masikio yalisimama, shingo ikanyooka, mwili wote ukatulia tuli. Kufumba na kufumbua kamba ilikuwa imenikaza mkononi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Nilimwita jina, lakini wakati ule jina halisikiki.

Mbwa wanaowinda kwa kunusa, kama bladihaundi, ni wapole kabisa. Ila wakishapata harufu, hamsikilizani tena.

Kwa hiyo mwenye watoto asiogope, mradi asiwaache peke yao na mbwa, maana kilo 60 zikigeuka kwa furaha humwangusha mtoto. Mwenye kuku, sungura au paka ndiye afikirie mara mbili, na uzio uwe mrefu kuliko anavyodhani. Chakula cha mbwa cha siku kigawanywe mara mbili, na mbwa asikimbizwe akishakula: mbwa wenye vifua virefu hupatwa na tumbo kujipinda, na likijipinda huwa zimebaki saa chache tu za kumfikisha kwa daktari wa mifugo.