Bunge linatunga sheria au linapitisha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye insha ya historia niliandika "mwaka 1962 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini", mwalimu wa darasa kakata "lilipitisha" kaweka "lilitunga". Mi naona yote yaleyale tu, au nakosea?

Jibu: Marahaba. Hujakosea sana, ila sio yaleyale, na mwalimu wako hakukurupuka. Kutunga hapa ni kama kutunga shanga, mpaka ufunge fundo la mwisho ndo useme umetunga. Kupitisha ni pale Spika anapouliza wanaoafiki, ukumbi mzima unaitikia ndiyooo, basi umepita. Umepita nini sasa? Muswada! Sheria bado. Katiba yetu ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge (wengi hili hawalijui kabisa), kwa hiyo fundo anafunga Rais akishasaini, na ndo maana ukifungua sheria yenyewe unakuta "imetungwa na Bunge".

Mtindo huo tumeurithi. Lile baraza la mkoloni lililoanza 1926, LEGCO, kwa Kiswahili tunaliita Baraza la Kutunga Sheria, jina kubwa kweli, wakati mtungaji alikuwa Gavana na wajumbe kazi yao kushauri na kuridhia, tena mpaka 1953 kiti cha mbele alikalia Gavana huyohuyo. Ukaja uhuru 1961 fundo likawa la Malkia, mwaka uliofuata tukawa Jamhuri akaingia Rais. Wakenya nao walikuwa na Rais ndani ya Bunge mpaka katiba ya 2010 ikamtoa, sasa Bunge lao ni Bunge la Taifa na Seneti basi, japo saini yake bado inatakiwa.

Kwa hiyo ukisimulia mjadala na kura, andika "lilipitisha muswada", ukisema sheria ilipatikana mwaka fulani, "lilitunga sheria" imekaa vizuri zaidi. "Kupitisha sheria" magazeti yanaandika kila siku na mi sigombani nayo.

Ila ukifika miaka ya chama kimoja, kuanzia 1965, mimi mwenyewe kalamu inakimbilia "lilipitisha", maana mambo mengi makubwa yalikuwa yameshaamuliwa kwenye Halmashauri Kuu ya chama kabla hayajafika Karimjee, ukumbi wa Bunge wa enzi hizo pale Dar, wabunge wakabakiwa na ile ndiyooo.