Nani anachanganya ndani ya katriji?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa kifaa cha maabara kinachotumia katriji, yaani kikasha kidogo kilichofungwa ambacho huwekwa sampuli na kuingizwa kwenye mashine ya kupimia. Niliandika, "Changanya kitendanishi na kiowevu katika katriji." Mwenzangu mmoja anasema hapo ni "yeyusha", mwingine anashikilia "koroga", na wa tatu hataki hata kulisikia neno "kitendanishi", anasema tuandike "kemikali" tu, watu wataelewa. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu mtafsiri, nianze na huyo wa tatu, maana ndiye mwepesi kujibiwa. "Kitendanishi" kinaonekana kigeni kwa sababu ni kirefu, lakini kimezaliwa nyumbani. Unga, ungana, unganisha, kiunganishi: hakuna anayekilalamikia. Sasa tenda, tendana, tendanisha, kitendanishi. Ni kile kinachofanya vitu vitendane, na sijui kama kazi ya kitu hicho ingeweza kuelezwa vizuri zaidi kwa neno moja. "Kemikali" ni pana mno upande mmoja na finyu upande mwingine. Sabuni ya kusafishia meza ya maabara ni kemikali pia, ila si kitendanishi. Na vitendanishi vingine ni vimeng'enya au kingamwili, yaani protini zitokanazo na viumbe hai, vitu ambavyo msomaji wa kawaida hatavifikiria akisikia "kemikali". Bakia na neno lako.

Wa "koroga" naye tumjibu upesi. Kukoroga kunataka kijiti, mwiko, kijiko, chochote cha kuzungushwa ndani ya kitu. Katriji imefungwa, kijiti kitapitia wapi? Hata hivyo mwenzako ameshika jambo la maana: anataka kitenzi kinachoonyesha mkono unafanya nini. "Changanya" hutaja tokeo tu, yaani vitu viwili vimekuwa pamoja, bila kusema vimefikaje hapo. Mahali ambapo namna ndiyo inayoamua matokeo, "changanya" peke yake haitoshi. Chukua kichupa cha damu chenye dawa ya kuzuia isigande. Damu hiyo lazima ichanganyike na dawa, lakini ukikitikisa kichupa kwa nguvu, seli nyekundu hupasuka na kipimo huharibika. Ndiyo maana mtaalamu hukipindua taratibu mara 8 hadi 10. Kiswahili kina njia yake ya kulisema hilo bila kuongeza maelezo marefu: rudia kitenzi. "Geuza kichupa" ni tendo la mara moja. "Geuzageuza kichupa" ni tendo jepesi linalorudiwa. Idadi bado utaiandika, lakini wepesi wa mkono tayari umo ndani ya kitenzi.

Kwenye "yeyusha" nitakaa kidogo, kwa sababu hapa mtu anaweza kuharibu kazi kwa kusoma Kiswahili sahihi. Barafu huyeyuka. Chumvi nayo huyeyuka ndani ya maji. Kitenzi ni kimoja, mambo ni mawili: la kwanza linataka joto, la pili linataka kiowevu. Katika mazungumzo hatukosani, maana muktadha unatuokoa. Katika mwongozo, "yeyusha kitendanishi kabla ya kutumia" inaweza kumfanya mtu akitoe kwenye friji na kukipasha moto, ilhali ulitaka atie maji kwenye unga mkavu. Wanasayansi wanaoandika Kiswahili wamelitatua hili kwa kuazima kutoka mdomoni. Mtoto akimumunya pipi haitafuni, anaiacha iishe kwenye mate. Ndiko tulikopata "mumunyika" na "mmumunyo". Kwa hiyo, kikiwa kigumu kinachopotelea ndani ya kiowevu, andika "kimumunyike"; kikiwa kilichoganda kinachorudia hali ya umajimaji kwa joto, andika "kiyeyuke". Msomaji mmoja mmoja atakunja uso kwa "mumunyika" mara ya kwanza. Avumilie.

Lakini kasoro kubwa ya sentensi yako, na hakuna kati ya wenzako aliyeigusa, haimo kwenye kitenzi. Imo kwenye "na" na "katika".

"Na" huwaweka wawili kwenye mizani sawa. "Changanya asidi na maji" na "changanya maji na asidi" hazina tofauti kisarufi, lakini kwenye kemia ndiyo tofauti kati ya kazi salama na kuungua uso. Asidi ya salfuriki iliyokolea hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukitia maji kwenye asidi, joto hupanda ghafla na mchanganyiko huweza kuruka. Ukitaka kuonyesha nini kinaingia wapi, tumia kitenzi chenye mwelekeo: tia, mimina, dondoshea, ongezea. "Dondoshea kitendanishi kwenye kiowevu" hakiwezi kusomwa kinyumenyume.

Na hilo "katika katriji" linaning'inia. Kiowevu kimo tayari ndani ya katriji? Au vyote viwili viko nje na vitakutana ndani? Kama kimo, Kiswahili kina kiambishi cha kazi hiyo: "kiowevu kilichomo katika katriji". Kama tendo lenyewe ndilo linalofanyika mle, tumia kauli ya kutendea, "changanyia ndani ya katriji", kwa mtindo uleule tunaosema mtu amefia njiani. Na kama kuchanganya kunatangulia, sema hivyo: "changanya kwanza, kisha mimina ndani ya katriji."

Hizi si hila za sarufi. Katika kipimo cha kifua kikuu cha Xpert MTB/RIF, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2010, kuna kuchanganya kwa aina mbili. Kwanza, nje ya katriji, makohozi hutiwa kitendanishi, kwa kawaida sehemu 2 za kitendanishi kwa sehemu 1 ya makohozi, yakatikiswa, yakaachwa kwa dakika 15 na kutikiswa tena katikati ya muda huo. Baada ya hapo ndipo mchanganyiko humiminwa ndani ya katriji, ambamo punje kavu za vitendanishi vingine zinasubiri kumumunyika. Mhudumu akielewa kwamba zote mbili ni kazi ya mkono wake, au zote mbili ni kazi ya mashine, kipimo kimeharibika.

Hapo ndipo linapokuja swali la mtendaji. Nje, mtu anachanganya. Ndani, mashine inasukuma, na vitu vinachanganyika. Hiyo "-ika" usiidharau, kwa kuwa ndani ya mifereji myembamba ya katriji mambo hayaendi kwa haraka tunayoifikiria. Mwaka 1883, huko Manchester, Uingereza, mhandisi Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi katikati ya maji yaliyokuwa yakitiririka ndani ya neli ya kioo. Maji yalipokwenda polepole, uzi ule ulibaki umenyooka hadi mwisho. Ndivyo ilivyo kwenye mfereji mwembamba kuliko milimita: viowevu viwili huenda bega kwa bega, na molekuli zikivuka moja moja kutoka upande huu hadi ule. Umbali ukizidi mara 10, muda wa kuuvuka huzidi mara 100. Kwa hiyo "vinapita pamoja" na "vimechanganyika" ni hatua mbili tofauti, na mwongozo wako uzitenganishe hata kama mtumiaji hazioni.

Kwa sentensi yako, kama nimekuelewa, ningeandika: "Mimina kiowevu kwenye tundu la katriji, ufunge kifuniko, kisha uisubiri mashine, kitendanishi kikavu kitamumunyika ndani ya kiowevu hicho." Kama mkono ndio unaotikisa, taja kutikisa, na mara ngapi.

Jambo moja hukuliuliza, ila litakukuta ukifika kwenye ukurasa wa makosa. "Sampuli mbili zimechanganywa" ina maana mbili: zimemiminwa pamoja, au ya huyu imepewa jina la yule. Ukikusudia hilo la pili, andika "sampuli zimebadilishana lebo".