Makochi niliyokopea kwa ajili ya jumuiya

Mwaka 2021 nilikopa 1,200,000 kwenye kikoba chetu nikawaambia wenzangu ni ya kuongeza mtaji, kumbe ni ya makochi. Mpaka leo inaniuma maana niliwadanganya watu wanaonipenda, ila nimeona niseme kwasababu kuna dada zangu wengi wako hapo hapo nilipokua mimi.

Nauza mitumba ya watoto. Nafungua belo, nauza, narudisha hela ya belo na kinachobaki ndo chakula, ada na sadaka, na sikua na shida yoyote. Shida ilianza siku jumuiya yetu iliposali kwa jirani, nikakalia makochi yake mapya yale ya kona, na zamu ya kusali kwangu ilikua imebaki wiki tano, basi kuanzia hapo kila nikiingia ndani kwangu naona aibu tupu. Makochi yangu ya mbao, yaliyonilelea watoto watatu, nikaanza kuyachukia. Tamaa haipigi hodi jamani, mimi ilinikuta naimba pambio.

Siku yenyewe ikafika, watu wakajaa, sebule ikawa haitoshi, tukayatoa yale makochi mapya nje tukatandika mikeka tukasali.

Deni likabaki. Riba yetu ni asilimia 10 na unarejesha kwa miezi mitatu, yani 440,000 kila mwezi, wakati mimi belo likiwa zuri nabaki na laki moja hivi na kwa mwezi nafungua mawili. Piga hesabu mwenyewe. Mwezi wa kwanza nikala kipande cha mtaji, wa pili mtaji wote ukaisha, wa tatu nikawa nanunua nguo moja moja kwa wenzangu nazitembeza juani, na sadaka nikaacha kutoa, na jumuiya nikaanza kuikwepa.

Wapendwa, ule mstari wa Wafilipi 4:13, Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, tunaubandika dukani na kwenye bodaboda tukitafuta mafanikio, na mimi niliukiri siku naomba mkopo. Rudi nyuma mistari miwili tu uone Paulo anaongelea nini. Ameshiba, ameona njaa, amekua na vingi, amepungukiwa, na hapo anaandika akiwa kifungoni. Nguvu anayoisema ni ya kusimama na Kristo kote kuwili. Na anasema "nimejifunza" kuwa radhi. Neno hilo lilinishika sana, kumbe hata Paulo alijifunza, basi na mimi ntajifunza.

Cha kwanza kilikua kigumu kuliko vyote, nilirudi kwenye kikoba nikasema ukweli. Walinuna, mama mmoja akalia, alafu wakaniongezea muda. Siku hizi hela ya mtaji inakaa kwenye laini nyingine ya simu na siigusi kwa mambo ya nyumbani. Nikitamani kitu naandika nyuma ya daftari la mauzo, naweka tarehe, nasubiri mwezi mzima ndo nakirudia, na vingi nakuta sikumbuki hata nilivitakia nini. Sadaka naitenga kabla sijanunua hata nyanya. Na asubuhi kabla sijatoka naomba ile ya Mithali 30, usinipe umaskini wala utajiri, maana yule aliyeiomba aliziogopa hali zote mbili, akishiba asije akamkana Mungu, akikosa asije akaiba. Mimi sikuiba ila nilidanganya, na sioni tofauti kubwa.

Msije mkalichukua neno hili la kuridhika mkampelekea mama asiye na unga. Huyo mpelekee unga kwanza, Yakobo sura ya 2 imesema wazi. Wala kuridhika sio kulala, Paulo huyo huyo alikua anashona mahema kule Korintho, na mimi sokoni nafika kabla ya jua. Nataka belo la tatu kwa mwezi na naliomba kwa Mungu bila aibu, ila likichelewa usingizi wangu uko pale pale.

Alhamisi jumuiya inasali kwangu tena. Mikeka nimeshaiosha, iko juani inakauka.