Anataka Uhusiano wa Kimataifa: Asome Wapi?

Majibu ya safu ya elimu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

SWALI: Shikamooni. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL. Ana D ya Historia, E ya Jiografia na D ya Kiingereza. Anataka uhusiano wa kimataifa, na baba yake yuko tayari kumsomesha hata mbali. Tuanzie wapi? – Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa binti. Kabla ya majina ya vyuo, pigeni hesabu ya alama. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka prinsipo mbili (masomo makuu uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla isiyopungua pointi 4.0, tena katika masomo ambayo programu yenyewe imeyataja. Binti ana D mbili, yaani 4.0 kamili, bila akiba. Programu ikitaja Historia na Jiografia, ikakiacha Kiingereza, anabaki na D na E, pointi 3.0, na maombi yanakataliwa ingawa cheti chake kina prinsipo tatu. Wengi huumia hapa wakidhani wameonewa. General Studies haiokoi, maana si prinsipo.

Kwa hiyo pakueni mwongozo wa udahili wa TCU wa waliomaliza kidato cha sita (wenye stashahada wana wao wa peke yake) na msome sifa za kuingilia neno kwa neno. Angalieni hasa palipoandikwa "na" na palipoandikwa "au".

Sasa vyuo. Kongwe katika fani hii ni Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji. Siku hizi kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, na kinatoa astashahada, stashahada na shahada. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina shahada ya uhusiano wa kimataifa, na kwenu kinafikika kwa kupitia Iringa na Mtera. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sayansi ya siasa na utawala wa umma, ambayo msiiruke kwa sababu tu jina halina neno "kimataifa".

Jina la shahada lisiwapoteze. Ombeni orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, muiweke mezani. Mnatafuta sheria ya kimataifa, uchumi na biashara ya kimataifa, sera ya mambo ya nje ya Tanzania, itifaki, mbinu za utafiti pamoja na takwimu, na lugha ya kigeni. Kwenye lugha hesabuni mihula. Lugha ya muhula mmoja inaishia kwenye salamu na kujitambulisha. Ikifundishwa mihula minne au zaidi, mwanafunzi anaweza kufika mahali pa kusoma barua na kuijibu. Chuo kinachosita kuwaonyesha orodha hiyo, sisi tungekishusha chini kwenye chaguo.

Maombi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Wanaojaziwa fomu steshenari mara nyingi huandikiwa namba ya simu na barua pepe ya mwenye duka, kisha ujumbe unaingia kwa mtu mwingine na siku za kuthibitisha zinapita. Namba iwe ya binti au yako. Na namba ya mtihani wa kidato cha nne anayojaza chuoni iwe ileile atakayojaza Bodi ya Mikopo, la sivyo majina hayataoana. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, mapema, msingoje dirisha la mikopo lifunguliwe.

SWALI: Nimemaliza kidato cha nne, nimepangiwa kidato cha tano HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili). Rafiki yangu anasema niache, niende Kurasini nianze astashahada, nitawahi. Ni kweli? – Kijana wa Makambako

JIBU: Hutawahi. Astashahada ni mwaka mmoja, stashahada miaka miwili mingine, halafu utahitaji GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 ili uingie shahada. Kidato cha tano na sita ni miaka miwili, na shule za serikali zimefuta ada ya ngazi hiyo tangu 2022. Tena HGK inakuachia milango ya sheria, siasa na ualimu ukibadili mawazo, na katika umri wako mawazo hubadilika. Astashahada ni njia nzuri kwa aliyekosa nafasi ya kidato cha tano lakini ana D nne au zaidi, bila kuhesabu masomo ya dini. Wewe nafasi unayo. Nenda kasome.

SWALI: Sina uwezo wa kumpangishia kijana wangu Dar wala Dodoma. Hapa Iringa kuna sheria. Je, akisoma sheria amepotea njia? – Mzazi, Iringa

JIBU: Hajapotea hata kidogo. Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha vyote vinafundisha sheria, na mikataba, mipaka na usuluhishi ni kazi za wanasheria. Tazama Ziwa Nyasa: Malawi inasimama kwenye mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 unaoweka mpaka ufukweni upande wetu, Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Mgogoro huo haueleweki bila sheria ya kimataifa. Amalize sheria, kisha achukue stashahada ya uzamili au umahiri wa uhusiano wa kimataifa.

Na mafunzo kwa vitendo ayafanyie Tunduma. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2019: maofisa wa uhamiaji na forodha wa Tanzania na Zambia wako kwenye jengo moja, na lori linakaguliwa upande mmoja tu badala ya kusimama mara mbili. Akikaa wiki nane hapo akifuata nyaraka za shehena moja kutoka dirisha hadi dirisha, ataona SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Nchi za Kusini mwa Afrika, inavyofanya kazi na inavyokwama. Barua ya chuo ipelekwe miezi miwili au mitatu kabla, kwa sababu majibu ya ofisi za serikali hupitia mikoani.

SWALI: Lugha ipi ya kuongeza, Kifaransa au Kichina? – Mwanafunzi, Tukuyu

JIBU: Kifaransa, kama lengo lako ni jumuiya za Afrika: kinatumika Umoja wa Afrika na SADC, na Kongo ni jirani. Kireno kinafuata, kwa ajili ya Msumbiji na Angola, na wanaokijua huku kwetu ni wachache. Kichina kinafaa zaidi kwa biashara na miradi. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vina Taasisi za Confucius, zinazofundisha Kichina. Chagua kimoja, ufanye mtihani unaotoa cheti cha kimataifa. Na Kiswahili chako kisafishe: ni lugha rasmi ya SADC tangu 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, na wakalimani na wafasiri wanatakiwa.

SWALI: Wakala hapa Mwanjelwa anataka malipo ya awali ili mdogo wangu akasome diplomasia nje. Tulipe? – Kaka mtu, Mbeya

JIBU: Msilipe bado. Hakikisheni kwanza TCU kwamba wakala ana kibali na kwamba chuo hicho kinatambulika, kisha mdogo wako aombe TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kusafiri. Chuo kisipotambulika, shahada yake haitamsaidia kwenye ajira za serikali atakaporudi. Wakala akisema hayo yatashughulikiwa baadaye, fedha zibaki mfukoni.